Kiti Kilicholala na Magoti ya Nyuma

Agosti 2014, ndege ya United, shirika la Marekani, iliyotoka Newark kwenda Denver ilikatiza safari ikatua Chicago kwa sababu ya kiti. Abiria mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye kompyuta yake alikuwa amebana meza yake kwa Knee Defender, vidude viwili vya plastiki vinavyozuia kiti cha mbele kisilale. Mama aliyekaa mbele akabonyeza kitufe, kiti kikagoma. Mhudumu akaitwa, maneno yakapanda, mwishowe mama akammwagia jamaa kinywaji. Wote wakateremshwa. Na walikuwa wamekaa sehemu yenye nafasi ya ziada ya miguu!

Mama alikuwa na hoja. Kitufe kiko kwenye kiti chake, na hakikuwekwa pale kama pambo. Tena katika safari ya usiku, wa mbele yako akishalaza chake, wewe unayejizuia kwa adabu unabanwa pande zote mbili.

Ila magoti nayo hayakunjiki kama mwavuli. Kwenye mashirika mengi ya Marekani umbali kati ya safu na safu ulikuwa inchi 34 au 35. Leo ni 30 au 31, na kwenye ndege za bei poa unashuka hadi 28. Mimi yaliwahi kunikuta wakati wa chai: kiti kikashuka kwa kishindo, nikabaki nimeshika kikombe hewani, jamaa wa mbele anakoroma.

Mwaka huohuo maprofesa wawili wa sheria wa Marekani, Christopher Buccafusco na Christopher Sprigman, waliwauliza watu bei. Walioambiwa wana haki ya kulaza kiti walitaka wastani wa dola 41 ili waiache. Wa nyuma walikuwa tayari kutoa 18 tu. Kibao kikageuzwa, haki akapewa wa nyuma: sasa yeye ndiye akataka dola 39, na wa mbele akawa na 12 tu mkononi. Magoti ni yaleyale, mgongo ni uleule. Kilichopanda bei ni kuambiwa "hii ni yako", na shirika la ndege limewauzia wote wawili upenyo uleule bila kusema ni wa nani.

Kwa hiyo mimi nampa haki mwenye kitufe, kwa kuwa hicho angalau kinaonekana, isipokuwa wakati wa kula. Lakini ageuke kwanza, aseme "samahani, nalaza kidogo", na akishushe taratibu. Kumfungia mtu kiti kwa plastiki kimyakimya ni uchokozi, hata kama una urefu wa mlingoti.

Wa nyuma naye ana njia ya mkato. Katika utafiti uleule, walipoahidiwa kununuliwa kinywaji au kitafunio, asilimia 78 ya wa mbele walikubali kutolaza kiti. Kule angani kabla ya Chicago kinywaji kilikuwepo, ila kiliishia kumwagwa.