Si lazima upate vigawo ndo ujue namba si tasa
Kuna mlioandika humu eti huwezi kujua kama namba kubwa si tasa mpaka upate vigawo vyake, hapana jamani, si kweli kabisa. Chukueni 147,573,952,589,676,412,927, yaani 2 kipeo cha 67 toa 1, mwanahisabati Lucas wa Ufaransa alishaonyesha mwaka 1876, kwa kipimo chake mwenyewe, kwamba si tasa na hakuwa na kigawo hata kimoja mkononi! Vigawo vyenyewe alikuja kuvitoa mwanahisabati Cole kule Marekani 1903, 193,707,721 mara 761,838,257,287, zidisheni wenyewe kwa kalamu muone inavyotoka. Na kipimo hicho cha Lucas, baada ya mwanahisabati mwingine, Lehmer, kukiboresha, ndo hichohicho kilichothibitisha ile namba tasa iliyogunduliwa 2024 yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Kuna mtu humu ashawahi kukiandikia programu?