Mgomba, Turubai na Sahani Yangu ya Pilau

Nafundisha biolojia sekondari, na hilo ndilo lililoniponza kwenye harusi ya binamu yangu kule Muheza.

Fundi wa turubai alikuja na kamba tele na vigingi pungufu. Pembe ya mwisho akaifunga kwenye mgomba, tena wenye mkungu.

"Fundi, hapo umefunga kwenye majani," nikamwambia.

Akatazama juu, akatazama chini. "Majani yako kule, mwalimu. Hili shina."

Mwalimu wa biolojia ukimtajia shina, umemwashia redio. Nikamweleza kwamba lile gogo ni vitako vya majani vilivyofunikana kama kitunguu maji, na humo ndani maji ndiyo mengi. Shina lenyewe limejificha udongoni, ndiko yanakochipukia machipukizi, na halipandi juu mpaka linapoleta mkungu. Mzizi mkuu hauna. Ni vimizizi vya kamba kamba vinavyotambaa karibu na uso wa ardhi. Nikamwonyesha mwembe pale jirani: mbao tupu ndani, na mzizi uliozama chini kweli kweli.

"Mwembe una siafu," akajibu.

Mjomba akanishika bega. "Mwanangu, leo harusi. Mtihani Novemba."

Basi nikakaa, nikapewa pilau, nikabahatika na mnofu wa maana. MC alikuwa anawaita wazee watoe wasia, upepo wa mvua ukaingia. Turubai likavimba, kamba ikakaza, mgomba ukang'oka mzima mzima na udongo wake. Mkungu ukatua kwenye beseni la kachumbari. Turubai likatufunika sote, na gizani humo mtu akala mnofu wangu. Hadi leo simjui.

Tulipofunuliwa, mjomba akanijia juu, wali umemjaa kwenye kofia. "Kumbe ulijua utaanguka!"

"Si nilisema, mjomba?"

"Ulisema mambo ya vitunguu! Ungesema unaanguka!"

Shangazi akadakia kwamba mdomo wangu una kisirani tangu utotoni.

Nikamtafuta fundi anitetee. Nikamkuta ameshaokota kamba ileile, anaizungusha kwenye mpapai. "Huu sasa ndio mti," ananiambia, anaupiga kofi. "Hata gome unalo."

Nikafumbua mdomo nimweleze ule uwazi ulioko ndani ya shina la mpapai. Mjomba akanikata jicho. Nikabeba kiti changu, nikahamia chini ya mwembe, kwa siafu.