Msituambie vita ni fursa

Juzi kwenye kundi letu la wafanyabiashara, kijana mmoja alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Anasema mwenye akili apeleke mzigo Goma, mashariki mwa Kongo, sasa hivi, maana wengi wamekimbia na bei iko juu. "Penye vita pana fursa," akamalizia. Watu wakamwekea vidole gumba. Niliusikiliza mara mbili, nikashindwa kula.

Mimi nauza vitenge Kariakoo mwaka wa 11 sasa, na wateja wa Kongo ndio walionisomeshea watoto. Kuna mama mmoja ana duka Birere, mtaa wa Goma karibu na mpaka wa Gisenyi, upande wa Rwanda. Tulianza kwa fedha mkononi, tukazoeana, ikawa mali kauli: anachukua robota, anauza, analipa, anachukua jingine. Hatujawahi kuandikishana hata karatasi.

Januari 2025 alikuwa na marobota yangu matatu. Tarehe 27 waasi wa M23 wakawa ndani ya Goma. Umeme hakuna, intaneti hakuna, na ujumbe wangu ukabaki na tiki moja siku sita. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kuitazama ile tiki. Alipopatikana, hata salamu hakutoa. Alisema, "Dada, duka balivunja yote. Lakini deni yako sijasahau."

Nililia pale pale dukani, mteja akiwa amesimama na pisi mkononi.

Huyu mama alikuwa na akiba benki, tena dola. Lakini benki za Goma zilifunga, na miezi ikapita zikiwa zimefunga. Fedha yake ipo, jina lake lipo kwenye akaunti, na hawezi kununua hata sabuni. Watu wakawa wanavuka mpaka kwenda kutafuta fedha Gisenyi, au wanatoa kwa simu na kukatwa kamisheni ya kuumiza. Kijana wetu anadhani hatari ya vita ni risasi. Risasi ipo, na imeua wengi mno Goma. Ila kinachommaliza mfanyabiashara aliyebaki hai ni hiki: mzigo uko kwa mtu, fedha iko kwa mwingine, na mlango wa katikati umefungwa na watu ambao hakuna anayeweza kuwashitaki. Nami zile pisi nilizichukua kwa mali kauli kutoka kwa tajiri aliyeleta kontena, na yeye hakuwa na habari na Birere, alitaka chake Ijumaa. Niliuza cherehani zangu mbili. Vita ya Goma ilifika mpaka uchochoroni kwetu, na hakuna gazeti lililoandika.

Bima? Soma mkataba wako mpaka mwisho: bima ya kawaida haigusi hasara ya vita. Na madereva msiwasahau. Septemba 2016 Watanzania wenzetu walitekwa na malori yao huko Namoya, mashariki mwa Kongo, na baadhi ya malori yakachomwa moto.

Nakubali, shingo upande, kwamba mji uliozingirwa nao unakula. Lazima mtu apeleke chumvi, mafuta na unga, na wanaofanya hivyo nawaheshimu kwa dhati. Nakubali pia kwamba wako wanaoweza kuhimili. Mgodi wa bati wa Bisie, kule Walikale, ulisimamisha kazi Machi 2025 wapiganaji waliposogea, ukawaondoa wafanyakazi, na Aprili ukaanza kurudi kazini. Kampuni ile ina wanahisa na akiba ya kusubiria. Mama wa Birere alikuwa na kufuli mbili na mlango wa bati. Ukiwaita wote wawili "wawekezaji" halafu ukawahubiria ujasiri, unamdanganya mmoja wao, na yeye ndiye atakayekuamini kwa sababu ana watoto wa kulisha.

Amekuwa akinilipa kidogo kidogo. Dola 30, dola 50, mara moja dola 15 na ujumbe wa kuomba radhi. Zimebaki 640. Wiki iliyopita aliniomba robota moja aanze upya, na nimempa, kwa fedha yangu mwenyewe safari hii, si ya tajiri. Limepita Rusumo, mpakani na Rwanda, jana jioni. Bado naangalia simu.