Kinoo Kikubwa cha Kale: Kukata au Kuacha?

Wakusanyaji wa vinoo vya kale vya kunolea nyembe wana mzozo usiokwisha. Mtu akipata jiwe kubwa, tuseme la urefu wa sentimita 25 na upana wa sentimita 8, je, ni sawa alipasue vipande vitatu na kuwauzia watu watatu? Wengine huona ni biashara tu. Wengine huona ni uharibifu. Mimi nimo kundi la pili, ingawa hoja za wenye msumeno ni nzito kuliko tunavyopenda kukiri.

Wembe ninaouzungumzia ni ule wa kukunja, wenye mpini unaofunguka, aliokuwa nao kinyozi kabla ya viwembe vya Gillette kuenea mwanzoni mwa karne ya 20. Haukutupwa ukiisha makali, ulinolewa. Wanyozi wa Ulaya walikuwa na mawe yao ya kazi hiyo: sleti laini (mawe ya matabaka) za Thuringia, Ujerumani, ambazo kampuni ya Escher ya Sonneberg ilizipa sifa, mawe ya Charnwood, katika jimbo la Leicestershire, Uingereza, na kotikuli, jiwe la manjano kutoka Ardennes, Ubelgiji, maeneo ya Vielsalm. Machimbo ya Charnwood na ya Thuringia yalikwisha kufungwa. Kotikuli ingali inachimbwa, lakini kwa kiasi kidogo.

Kotikuli ndiyo inayoonyesha vizuri kwa nini ukubwa una bei. Kinachokata chuma ndani yake ni punje ndogo mno za ganeti, madini magumu, zilizojaa katika mwamba laini. Mwamba huo hukaa kama mishipa myembamba katikati ya sleti ya zambarau, na mara nyingi mshipa hauzidi sentimita chache. Umepinda, una nyufa, una mistari migumu inayoweza kukwaruza makali. Kupata bamba refu, pana na safi kutoka humo ni bahati. Mawe mengine yalikuwa membamba hata yakabandikwa juu ya sleti ili yasivunjike mkononi.

Sasa tuwasikilize wanaokata. Makali ya wembe wa kukunja yana urefu wa takriban sentimita 7. Ukiulaza mgongo na makali pamoja juu ya jiwe, ukausukuma mshazari kutoka upande wa mpini hadi nchani, jiwe la upana wa sentimita 4 linatosha kabisa. Vinoo vingi vya wanyozi wenyewe vilikuwa vidogo na vyembamba. Kinyozi hakuhitaji jiwe la seremala. Tena, kama machimbo yamefungwa, jiwe moja likigawanywa linawafikia watu watatu ambao wangebaki kulitazama kwenye picha. Hapo sina jibu la haraka. Nyembe zangu nazinoa kwa kipande cha kotikuli kisicho na umbo, kisichozidi kiganja, na shavu langu halijawahi kulalamika.

Lakini jiwe pana lina msaada ambao mzoefu huusahau. Anayeanza hutikisa mkono. Kwenye jiwe jembamba wembe huinama upande mmoja na makali huharibika bila yeye kujua. Jiwe kubwa hutulia mezani, na kila msukumo ni mrefu. Njia ya kotikuli ni kuanza na uji mzito wa maji na unga wa jiwe, unaopatikana kwa kulisugua jiwe kwa kijiwe kidogo, kisha kuongeza maji matone machache kila baada ya misukumo kadhaa hadi yabaki maji matupu. Juu ya jiwe kubwa, uji huo haukauki upesi wala kumwagika pembeni, na unaona wazi unavyobadilika. Nilijifunzia juu ya jiwe la kuazima la namna hiyo, na najua lilinipunguzia miezi ya kuhangaika.

Kuna pia hasara ya msumeno wenyewe. Msumeno hula jiwe, na ufa uliolala ndani miaka 100 bila madhara huamka unapopitishwa hapo. Lebo ya karatasi ubavuni, ambayo mara nyingi ndiyo ushahidi pekee wa jiwe lilikotoka, hubaki kwenye kipande kimoja. Vile viwili vingine vinageuka mawe yasiyo na kwao, na mnunuzi anayefuata atalazimika kumwamini muuzaji kwa maneno tu.

Hata hivyo siwezi kuwasifu wanaoyafungia makabatini. Jiwe lililofungiwa miaka 30 bila kuguswa na maji limenyimwa kazi yake, na wanaonunua kumi kwa kumi ndio wanaopandisha bei hadi msumeno ukaonekana faida. Ubishi wangu na wakataji unaanzia kwa hawa.

Ninachokubali ni kukata jiwe lililokwisha kuvunjika, au lililochimbika sana katikati hivi kwamba kulisawazisha lote kungelila nusu. La zima naliombea libaki zima. Lining'inize katika vidole viwili, uligonge kwa kifundo cha kidole: lililo zima hulia kama kigae, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Likilia, pakaa lebo vanishi ikauke, kisha litie maji unoe.