Yemen si Sunni na Shia tu
Kuna mwandishi anayetaka tuamini kwamba Wayemeni wanauana kwa ajili ya madhehebu, Shia upande huu na Sunni upande ule. Sikubali hata kidogo. Ali Abdullah Saleh, rais wa zamani wa Yemen, alikuwa Mzaydi (tawi la Shia) kama Wahouthi wenyewe, wale waasi wa kaskazini, lakini alipigana nao kuanzia 2004 hadi 2010, akaja kushirikiana nao walipouteka mji mkuu Sanaa 2014, kisha wakamuua Desemba 2017. Dhehebu lilibadilika lini hapo? Na kule Aden, mji wa kusini, Agosti 2019, wanaotaka kusini kujitenga waliipiga serikali ya Rais Hadi, na pande zote mbili karibu wote ni Sunni. Kusini kulitawaliwa na Waingereza hadi 1967, kukawa nchi ya kikomunisti, kukaungana na kaskazini 1990, halafu vita vya 1994 vikaacha kinyongo cha ardhi na ajira ambacho mpaka leo hakijaisha. Mimi nimekulia Mombasa kati ya Wahadhrami, watu wenye asili ya Hadhramaut, mashariki mwa Yemen. Baadhi ya wazee wao, ukiwaita Wayemeni wanakusahihisha papo hapo kwamba wao ni watu wa Hadhramaut. Je, yupo humu mwenye jamaa Mukalla, mji wa Hadhramaut, au Aden atueleze wenyewe wanasemaje?