Bei ikipanda, kipato nacho kimepungua

Ubishi kuhusu matumizi ya kaya ni wa siku nyingi: kinachoamua ununuzi ni bei au kipato?

Wa upande wa kipato wana ushahidi mkongwe. Mwaka 1857 Ernst Engel, mtakwimu wa Ujerumani, alionyesha kuwa kadiri kaya ilivyo maskini ndivyo chakula kinavyochukua fungu kubwa la matumizi yake. Wa upande wa bei hujibu kwamba kaya mbili zenye kipato sawa hununua tofauti pale bei zinapotofautiana. Ni kweli, ila haimalizi ubishi, kwa sababu bei ikipanda hukata kipato pia. Mwanauchumi Eugen Slutsky alizitenganisha athari hizo mbili, ya kukimbilia mbadala na ya kipato, mwaka 1915.

Chukua bidhaa inayomeza asilimia 40 ya matumizi ya kaya. Bei yake ikipanda kwa asilimia 10, kaya imepoteza karibu asilimia 4 ya uwezo wa kununua, hata kama mshahara haujaguswa. Ikiwa kila asilimia 1 ya kipato husogeza ununuzi wa bidhaa hiyo kwa asilimia 0.8, pengo hilo peke yake linapunguza asilimia 3.2. Ununuzi ukishuka kwa asilimia 5, waliokimbilia mbadala wanaeleza 1.8 tu. Kwa bidhaa yenye fungu la asilimia 1, athari ya kipato ni 0.08, haionekani kabisa. Hapo wa bei wana haki. Kwa maskini na bidhaa zake kuu, mimi nawapa ushindi wale wa upande wa kipato.

Lakini vipimo vyenyewe huponza. Dodoso nyingi hazina bei. Mchambuzi hugawa fedha zilizotumika kwa kiasi kilichonunuliwa, na kinachotoka kimechanganya bei na ubora. Bei ya kweli ikipanda kwa asilimia 10, kaya zikashuka daraja la ubora, hesabu itaonyesha labda 6. Kiasi kikipungua kwa asilimia 3, unyumbufu wa kweli, yaani asilimia ambayo ununuzi hupungua kwa kila asilimia 1 ya bei, ni 0.3, mchambuzi ataandika 0.5, na kodi itakayopangwa kwa namba hiyo itapunguza ununuzi kidogo kuliko alivyoahidi.

Muda nao usisahaulike. Nishati ikipanda bei, mwezi wa kwanza kaya hubana tu. Kubadili jiko huja baadaye, fedha ya jiko ikipatikana.