Leveli ya 147 na Bibi wa Siti ya Dirishani

Naandika hii nimesimama kituo cha Buguruni, hapa Dar, na mi Buguruni leo sina shughuli napo hata ya kumuona mtu. Nilikuwa nashuka Tazara. Kilichonipitisha kituo ni pipi, tena pipi zenyewe za kwenye simu.

Kabla hamjaanza kucheka, mi ni mtu mzima. Ni mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana mtaani kwetu, kwenye msiba ndo mi nasimama kusoma rambirambi watu wakanyamaza. Sasa mtu wa heshima namna hiyo wiki ya tatu hii anakunjana na leveli ya 147. Na gemu yenyewe wala siyo Candy Crush, ni mdogo wake wa kuiga, jina namsitiri, ila sheria ni zilezile za nyumba ile: panga tatu za rangi moja zinapasuka, nne kwa mstari unapata pipi ya mistari, tano kwa mstari unapata bomu la rangi, roho tano, ikiisha moja unasubiri nusu saa. Kampuni ya Candy Crush yenyewe ilinunuliwa 2016 kwa dola bilioni 5.9, ndo ujue pipi zisizolambika zina hela kuliko za dukani kwa Mangi.

Basi asubuhi nimepanda daladala kule Banana, kwa bahati nimepata siti, pembeni yangu dirishani bibi na kikapu chake. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, yakaisha. Foleni ilivyokaza nikatoa simu. Muvu, yaani mara za kusogeza pipi, zimebaki tisa, chokoleti imejibanza kona ya kulia, na jeli tatu za kuvunja. Nikapasua nyekundu za juu. Nikasikia mtu anapumua sikioni.

"Siyo hapo."

Nikajifanya sijasikia. Nikagusa nyingine.

"Mjukuu wangu, mbona unaanzia juu? Anzia chini, ukivunja za chini za juu zote zinadondoka, na katika kudondoka zinapangana zenyewe unapewa za bure. Na hiyo inayochezacheza usiifuate, hiyo inakuonyesha njia tu, haijasema ni njia nzuri."

Jamani. Na ni kweli! Mi nilikuwa najua, ila presha. Kabla sijajibu siti ya nyuma ikadakia kwamba bibi yuko sahihi ila kwanza niue chokoleti, maana muvu ambayo hujala chokoleti hata moja na yenyewe inazaa nyingine. Kijana aliyening'inia kwenye bomba kichwani kwangu akasema chokoleti achana nayo, hapo kuna zambarau nne na ya tano iko jirani, tengeneza bomu, halafu ole wako ulipasue na pipi ya kawaida, lisogeze mpaka likae na ya mistari, ukizichanganya hizo mbili rangi nzima inageuka mistari na kulipuka. Siti ya nyuma ikasema huyo kijana ndo wale wanaosubiri bomu mpaka muvu zinaisha. Kijana akauliza we mzee uko leveli ya ngapi. Basi daladala ikagawanyika, upande huu chama cha chokoleti, upande ule chama cha bomu, mi katikati nimeshika simu yangu mwenyewe kama nimeazimwa.

Dereva akachungulia kwenye kioo, "Kuna nini huko, mwizi?"

Konda akamjibu, "Hapana, kuna leveli." Akaacha mlango akaja. "Anko, una muvu ngapi?"

"Tatu."

"Tatu zinatosha, usitetemeke."

Nikatengeneza bomu. Limekaa pale linameremeta, pembeni kwa pembeni na pipi ya mistari ya kijani, yaani kilichobaki ni kuvuta tu. Muvu mbili. Watu kimya, hata mtoto aliyekuwa analia kanyamaza. Mi nikavuta pumzi kidogo, si unajua, mtu unataka kuifurahia. Ndo nikaona kidole kinakuja, chekundu cha ubuyu, kikatua juu ya ile ya mistari na kuivutia kule siko. Zikapasuka tatu. Tatu! Ya mistari ikafyatuka peke yake ikafagia mstari ambao hauna kitu. Bomu likabaki mjane.

"Nilikuwa nakuonyesha tu," bibi akasema.

Nikalipasua na ya njano, sasa ningefanyaje. Jeli ikabaki moja, chokoleti ikazaa mbele ya macho yangu, na ka-moyo kakapasuka na muziki wa huzuni. Jamaa wa siti ya nyuma akanishika bega akaniambia pole sana, kama kwenye msiba kabisa, mi mwenyewe nikataka kusoma rambirambi. Nikamuuliza bibi, we uko ya ngapi? "Elfu moja mia mbili na kitu," akasema anatafuna ubuyu wake, "ila simu ya mjukuu, zingine labda kavuka yeye." Kuchungulia dirishani, tuko Buguruni. Na konda yuleyule mshauri wangu ananiambia anko umepitiliza, ongeza nauli.

Hivi kweli mtu akiomba kupita leveli moja, moja tu, nani anapungukiwa? Mshahara haupiti, mtoto karudishwa akalete rimu, LUKU inakula kama ina wageni, na pipi nazo? Ukitaka roho ya bure uangalie tangazo sekunde 30 kwa bando lako, ukibonyeza ka-alama ka kufunga linakupeleka kudownload gemu lingine. Kuna mbunge wa Uingereza 2014 alipigwa picha anacheza Candy Crush kwenye kikao cha kamati kinachojadili pensheni, akakiri alicheza. Watu walimsema sana, mi nikawaza huyu angalau alikuwa na siti isiyo na bibi.

Juzi nikasema nitumie akili, nikasogeza saa ya simu mbele masaa matatu nipate roho zote tano kwa mpigo. Zikaja kweli. Nikasahau kurudisha. WhatsApp ikagoma eti tarehe ya simu yako siyo sahihi, alamu ikalia saa nane usiku, nikaoga, nikavaa, nikakaa kituoni na mbwa wawili mpaka mlinzi wa jirani akaja kuniuliza mwenye nyumba kafariki au. Mke wangu anasema si ungeangalia ya ukutani. Ya ukutani! Ile toka mwezi wa tatu inasema saa nne na dakika kumi, betri nimeitoa nikaweka kwenye rimoti, na wageni wakija bado wanaiangalia wanasema aah ngoja tuondoke, muda umeenda.